Mvumo wa saa tisa usiku: kisa cha pampu, paipu na kitanda cha Mwalimu

Mwalimu (nitamuita hivyo tu, ni mama amestaafu, alifundisha praimari miaka mingi) alinipigia simu jioni moja akaniambia fundi, kuja uangalie stima ya hii nyumba yangu, kuna kitu inanguruma ndani ya ukuta usiku na naogopa siku moja tutaamka tukiwa majivu. Mimi kazi yangu ni stima na pampu hapa Nakuru, na nikiambiwa ukuta unalia kitu ya kwanza nafikiria ni waya imelegea mahali, lakini waya iliyolegea hulia kama vitunguu kwa mafuta moto, haingurumi. Nikamuuliza, inaanza saa ngapi? Akasema saa tisa usiku, karibu kila siku, inakaa dakika 40 hivi, alafu inanyamaza ghafla kama imekatwa na panga, na siku zingine inarudi saa kumi na moja watu wakianza kuamka. Waya mbovu haina ratiba hivyo.

Ploti iko mtaa wa Free Area, gorofa tano, ukuta wa mawe ya kuchonga, slabu za zege, maduka chini na wapangaji juu. Mwalimu ako ya tatu.

Kabla nifike, ploti ilikuwa imeshaamua nani ana makosa. Juu ya Mwalimu anakaa fundi wa nguo, kijana mpole tu, ako na cherehani ya stima, na Mwalimu alikuwa ameapa ni yeye anashona unifomu za shule usiku amalize oda za watu. Walikuwa hawasalimiani miezi miwili, wakipatana kwa ngazi kila mtu anaangalia simu yake. Kijana naye anasema yeye hulala saa nne, na kusema ukweli hata yeye huskia kitu, kidogo sana, alidhani ni friji ya Mwalimu. Mama wa nyumba ya kona akasema ni Menengai inaamka, si wanachimba mvuke huko, mlima umechoka kutobolewa. Msimamizi wa ploti akasema ni mashine ya kusaga unga ya mtaa wa pili. Kuna mwenye alisema majini, huyo nilimwambia mimi hutoza kwa saa.

Mwenye ploti alikuwa ameletewa malalamiko mara tatu. Mara ya mwisho Mwalimu alimuonyesha simu, alikuwa ameweka ile programu ya kupima kelele, usiku ikasoma desibeli 33. Mzee akamwambia mama, sheria inasema usiku ndani ya nyumba isipite 35, wewe uko ndani ya sheria, lala. Na kwa namba hiyo hakuwa amedanganya, kanuni za kelele za 2009 ndivyo zinasema kwa makao ya watu. Hiyo 33 tutairudia.

Nikaamua kwenda usiku wenyewe. Saa nane na nusu nilikuwa hapo na msimamizi, juu huwezi kuingia nyumba ya mama wa watu saa hiyo peke yako, kesho ploti yote inajua na wameshaongeza chumvi. Mwalimu alikuwa amepika chai ya tangawizi, amejifunga shuka kama mlinzi. Tukakaa kimya. Mbwa, pikipiki ya mbali, jogoo wa mtu ambaye saa yake imeharibika. Saa tisa na dakika 8 ikaanza.

Sitadanganya, nilitarajia kitu kubwa. Ilikuwa mmmmm ya chini chini, kama mtu wa sauti nzito anaimba noti moja na amefunga mdomo, nyumba tatu kutoka hapo. Unaweza kukaa nayo dakika mbili hujaitambua, lakini ukishaitambua haitoki kwa kichwa tena. Juu ya kabati kifuniko cha sufuria kilikuwa kinafanya zzzz, nikakigusa na kidole kikanyamaza.

Nikamuuliza, Mwalimu, ukilala ukiziba masikio inapungua? Akasema hapo ndio anashangaanga, akijifunika kichwa na pilo ndio inazidi. Msimamizi akacheka. Mimi sikucheka juu hapo nilikuwa nimeshapata nusu ya jibu. Sauti ikikufikia kwa hewa, ukiziba masikio lazima ipungue. Ikizidi, inaingia kwa mlango mwingine: ukuta unatikisa kitanda, kitanda kinatikisa fuvu, fuvu linafikisha mtikiso kwa sikio la ndani bila kupitia hewa kabisa, na ukishaziba tundu la sikio ile mitikiso ya chini inayotoka kwa mfupa inakosa pa kutokea inabaki hapo ndani inakusumbua. Jaribu saa hii, ziba masikio na vidole alafu uvume mmmm, utaskia vile sauti yako inajaa kichwa. Sasa angalia kitanda cha Mwalimu: cha chuma, na upande wa kichwa kimeegemea ukuta kabisa.

Nikafungua dirisha, mvumo ukabaki vilevile, ila jogoo ndio aliongezeka. Kama kitu inatoka nje, dirisha likiwa wazi inaingia zaidi. Mashine ya unga ikatoka kwa listi hapo, na Menengai nayo, mlima hauwezi kuwaka saa tisa na kuzima saa kumi kasoro kila siku.

Alafu nikaanza kutembea. Kutoka ukuta wa kitanda mpaka ukuta wa mlango ni futi 11, nilipima. Nikisimama kichwa karibu na ukuta wa kitanda mvumo uko, nikisonga karibu futi tatu unapotea kabisa, nikifika katikati ya chumba unarudi, nikiendelea unapotea tena, nikifika mlangoni huyo amerudi. Msimamizi ananiangalia tu nikienda mbele nikirudi nyuma na shingo imepinda kama kuku anatafuta mchwa. Lakini ni kitu ya kawaida. Sauti ya noti moja ikiwa ndani ya chumba inagonga ukuta, inarudi, inapatana na mwenzake anayekuja, mahali pengine zinasaidiana kusukuma na mahali pengine moja inasukuma na nyingine inavuta, hapo huskii kitu. Kwa hewa ya nyuzi 20 sauti inaenda mita 343 kwa sekunde, so noti ya mitikiso 100 kwa sekunde wimbi lake moja ni mita 3.43. Futi 11 ni mita 3.35. Wimbi moja zima limeingia kwa hiyo chumba karibu sawasawa, kama suti imepimwa na yule kijana wa juu, na kitanda kimewekwa palepale linapopiga zaidi, kwa ukuta.

Kwa nini nasema 100? Stima yetu ni hezi 50, yaani duru 50 kwa sekunde, na sumaku ya mota ya stima inavuta mara mbili kwa kila duru moja, so inatoa noti ya 100. Mtu yeyote amewahi kusimama chini ya transfoma anaijua hiyo noti hata kama hajui jina lake. Sasa kitu iko na mota ya stima, inajiwasha yenyewe saa tisa usiku, kwa ploti yote ni moja tu: pampu ya kupandisha maji kwa tangi la juu. Maji ya mfereji mtaa huo huja usiku, tangi la chini likijaa floti swichi inaamsha pampu. Nikamtuma msimamizi azime, mvumo ukakatika. Akawasha, ukarudi.

Akapanda ngazi akihema akaniambia basi fundi si umemaliza. Nikamwambia hata sijaanza. Kujua ni pampu tunajua, lakini pampu iko chini kabisa, chini ya ngazi, slabu tatu na kama mita 9 kutoka kwa kitanda cha Mwalimu, na wapangaji wa gorofa ya kwanza na ya pili wako karibu na hiyo pampu kumliko na wanalala fofofo. Kama ni mambo ya umbali, wao ndio wangelia kwanza. Kwa hivyo kuna barabara inapita kwao bila kusimama na inamshusha abiria kwa Mwalimu, na bila kuijua hiyo barabara ningetumia pesa za mwenye ploti bure. (Nilizitumia bure kidogo hata hivyo, ngoja utaona.)

Nikamwambia Mwalimu niazime mwiko. Ule wa ugali, wa mbao ngumu. Ncha moja unaweka kwa kitu unashuku, ile nyingine unaikandamiza kwa mfupa nyuma ya sikio. Mafundi wa magari hufanya hivi na bisibisi ndefu wakitafuta bearing iliyokufa, na hata kile chombo daktari hukuwekea kifuani, mwenye alikianzisha, Mfaransa anaitwa Laennec, mwaka 1816 alianza na karatasi amekunja alafu ndio akachonga cha mbao. Mbao inabeba vizuri ukifuata nyuzi zake. Sakafu ya Mwalimu ikaskika kidogo. Ukuta wa mlango kidogo. Ukuta wa kitanda zaidi, na nikiteremka kuelekea kona ya kushoto unazidi, unazidi, mpaka nikafika kwa paipu ya chuma imepakwa rangi moja na ukuta, nyuma ya kitanda, imefichwa na pazia. Nikagusa klipu iliyoishika na mwiko na nikatoa kichwa haraka, ni kama nimelalia pampu yenyewe.

Hiyo ndiyo paipu ya kupandisha maji. Gorofa mbili za chini inapanda ndani ya shimo la mapaipu kando ya ngazi, inaning'inia tu, haigusi nyumba ya mtu. Ya tatu kuna bimu imekaa mbele yake, so fundi aliyejenga akaikunja ikatoka kwa shimo, ikapita kwa ukuta wa Mwalimu na klipu tatu za chuma zimefungwa na skurubu kwa jiwe, alafu ikatoboa slabu kwenda juu na ile tundu ikazibwa na simiti ikashikana kabisa. Kijana wa nguo paipu kwake imerudi kwa shimo, ndio maana anaskia "friji".

Na kwa nini imeanza juzi na paipu iko hapo tangu nyumba ijengwe? Nikamuuliza msimamizi pampu imekaa hapo muda gani. Akasema kwanza ilikuwa nje, kwa kibanda cha mabati, imewekwa juu ya udongo na matofali mawili, ikaibiwa. Mzee akanunua nyingine kubwa kidogo, akaweka chini ya ngazi na geti la chuma, na akamwambia fundi aifunge kwa slabu na bolti nne za kutoboa zege ndio mwizi akija atoke jasho, na ile hozi ya zamani ikatolewa wakaunga chuma kwa chuma. Miezi miwili iliyopita. Miezi miwili, yaani tangu Mwalimu aache kusalimia fundi wa nguo, na hakuna mtu hata mmoja kwa ploti aliunganisha hizo mambo mbili.

Sasa hapa ndio watu huchanganyikiwa, kwa hivyo nitakaa kidogo. Mtu akiona slabu tatu za zege kati yake na pampu anasema hiyo kelele haiwezi kupita, na kwa upande wa hewa ako sawa. Hewa ni laini mno na zege ni ngumu mno, ni kama mtoto wa chekechea kusukuma lori, anajigonga anarudi. Ukifanya hesabu ya sauti inayotoka kwa hewa kuingia kwa zege nene, kwa kila sehemu 10,000 za nguvu yake zinazoingia ni kama mbili tu, zingine zote zinarudi. Kwa hivyo ukisimama hapo chini ya ngazi na upige nduru, zege itakurudishia. Lakini pampu haikuwa inapitia hewa. Mguu wake wa chuma umeshikwa na bolti kwa zege, paipu yake ni chuma, na kutoka chuma kwenda zege karibu nusu ya nguvu inaingia, haibishi hodi. Na ikishaingia kwa paipu haina haraka ya kutoka, kwa sababu ile tofauti iliyozuia hewa kuingia ndiyo hiyohiyo inazuia sauti kutoka kwenda kwa hewa, inabaki ndani ya chuma inasafiri tu. Kuna Mfaransa mwingine, Biot, mwaka 1808 alijaribu hii kitu Paris kwa paipu ya maji ya chuma ya mita 951. Upande mmoja mtu anagonga, upande ule mwingine mtu anaskiza, na akaskia mara mbili: kwanza iliyopita kwa chuma, alafu karibu sekunde mbili na nusu baadaye ndio ile ya hewa inafika.

Lakini paipu yenyewe ni nyembamba, haiwezi kusukuma hewa ya chumba ikaskika. Mtu wa Kisumu ataelewa haraka nikimwambia nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo: chukua nyuzi zake uzifunge kwa misumari miwili hewani, ukipiga utaskia kitu kama mbu. Mpaka ziegemee kwa ngozi ya lile boksi lake ndio muziki unatoka, juu ngozi ni pana, inasukuma hewa nyingi. Kwa Mwalimu paipu ilikuwa uzi, zile klipu tatu zilikuwa daraja la nyatiti, na ukuta wote ulikuwa ngozi. Yeye alikuwa analala ndani ya boksi.

Mwalimu alikuwa ananiskiza vizuri sana, alafu akanikosoa. Akasema yeye alifundisha kwamba sauti inapita vizuri kwa kitu kigumu kwa sababu chembe zake zimekaribiana, kwa hivyo mbona nazunguka hivyo. Nikamwambia Mwalimu, kwa heshima, hiyo ya kukaribiana haitoshi. Risasi, ile madini, ni nzito kuliko chuma, lakini kwa fito ya risasi sauti inaenda kama mita 1,200 kwa sekunde na kwa fito ya chuma inaenda kama 5,000. Hidrojeni nayo ni gesi nyepesi kuliko zote, na sauti inapita huko kama 1,300, karibu mara nne ya hewa. Inayoamua ni kitu kikivutwa kinarudi kwa nguvu gani, ukilinganisha na uzito kinaobeba. Chuma ni kizito lakini kinarudi kwa hasira. Risasi ni zito na legevu. Maji yako katikati hapo, 1,480 hivi. Akanyamaza, akakunywa chai, akauliza: na mpira? Nikasema mpira ni laini na bado uko na uzito, sauti inachelewa ndani yake, na ukiwekwa katikati ya chuma na zege unakuwa kama springi, alafu pia unakula nguvu kidogo unaigeuza joto. Akasema basi weka mpira. Dawa alijiandikia mwenyewe.

Kuweka mpira sasa. Wa kwanza kujaribu hakuwa mimi, msimamizi kesho yake asubuhi alikata kipande cha godoro akakiweka chini ya pampu akakaza bolti. Godoro likawa chapati, na sponji iliyobanwa mpaka imekuwa chapati si springi tena, usiku mvumo ukawa uleule. Tukamcheka, alafu mimi mwenyewe nikaenda nikafanya ujinga wa bei ghali zaidi. Nilileta mpira wa tairi la lori, mnene, nikakata vipande vinne safi, nikaviweka chini ya miguu ya pampu, nikarudisha zilezile bolti kupitia katikati ya mpira nikakaza. Usiku Mwalimu akasema imepungua labda kidogo, ama ni mimi nataka ipungue. Kwani bolti si chuma? Inashika mguu wa pampu juu na inashika zege chini, mtikiso unashuka nayo moja kwa moja na mpira umekaa hapo kando kama abiria. Miaka yote nafanya hii kazi na nilikuwa nimeshaandika hadi bili.

Mara ya tatu tukafanya kama watu wazima. Tukazima stima kwa mein swichi kwanza (pale chini ya ngazi maji humwagika, usicheze), tukakata zile bolti, tukamwaga jiwe la zege kama la mtu mmoja kujikaza kulibeba, tukangoja likauke vizuri, pampu ikafungwa kwa hilo jiwe, na jiwe likakalia vipande vinne vya mpira bila bolti yoyote ya kwenda kwa slabu. Jiwe ni la uzito, mpira unahitaji kubanwa kiasi ndio ufanye kazi. Nilipima na rula kabla na baada, likadidimia kama milimita moja. Springi iliyodidimia milimita moja ikiachwa inadunda mara 16 hivi kwa sekunde. Hii pampu inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, hiyo ni 48 kwa sekunde, mara tatu ya 16, na ule mvumo wa 100 ni mara sita. Ukiwa mara tatu, kwa hesabu inapita sehemu moja kwa nane, ukiwa mara sita inapita karibu tatu kwa mia. Mpira wa tairi si springi ya kitabu, hautapata zote hizo, lakini unapata nyingi. Mpira mgumu ambao haudidimii kabisa ni kama haujaweka kitu, na kuna mahali katikati ukikosea mdundo ukalingana na pampu inakuwa mbaya kuliko mwanzo, jiwe lote linacheza.

Mzee mwenye ploti akakataa. Akasema fundi, umemrahisishia mwizi, sasa anabeba pampu na msingi wake. Tulibishana karibu nusu saa, ikaisha na mnyororo na kufuli, lakini nikamwambia mnyororo ulegee, usivutwe ukakaza, ukikaza umerudisha bolti kwa jina lingine. Nikamuonyesha msimamizi pia, kwa sababu najua siku moja atakuja kufagia hapo na auvute.

Usiku huo mvumo ukapungua, hiyo kila mtu alikubali, lakini haukuisha, na hapo ndio unaona faida ya ule mwiko. Mtu mwingine angesema mpira haufanyi kazi akatoa yote. Mimi nilijua barabara zilikuwa mbili: moja miguu ya pampu, slabu, nguzo, ukuta; nyingine paipu. Nilikuwa nimefunga moja, tena ile ndogo. Kwa hivyo tukakata paipu hapo chini karibu na pampu tukaweka hozi ya mpira yenye nyuzi, nusu mita, imepinda kidogo isivutike. Maji yaliyo ndani bado yanabeba mpigo kidogo, hiyo huwezi kuzuia na hozi peke yake. Alafu tukapanda kwa Mwalimu, tukasongesha kitanda, tukatoa zile klipu tatu, tukafunga paipu na tyubu ya baiskeli mizunguko kadhaa, tukaweka klipu za saizi kubwa zinazoshika tyubu na sio chuma. Ile tundu ya slabu ndiyo ilikula siku. Kuchokora simiti kuzunguka paipu bila kutoboa paipu, vumbi kila mahali, Mwalimu ametoka amekaa kwa ngazi na blanketi zake. Tukajaza vipande vya mpira, tukafunga juu na silikoni.

Saa tisa na robo usiku simu ikalia. Fundi, iko wapi? Nikasema nini iko wapi, nimelala. Akasema ile kitu, nimeamka kuingoja na haijakuja. Nikamwambia aweke mwiko kwa paipu. Nikaskia anatembea, anasukuma kitu, kimya, alafu akasema iko, iko mbali sana, inalia peke yake. Pampu ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, tangi la juu linajaa, hakuna mtu anajua isipokuwa mtu na mwiko wake.

Ile 33 sasa. Hizo mita za kelele na programu za simu zinapima kwa kipimo ambacho kimetengenezwa kufuata sikio, na sikio ni zito kwa sauti za chini, kwa hivyo kipimo kinapunguza. Kwa noti ya 100 kinatoa desibeli 19, kwa 50 kinatoa 30. Kinahesabu kile sikio linapata kwa hewa, hakijui kuna mama amelaza fuvu kwa chuma kilichoegemea ukuta unaotikisika. Mzee alikuwa sawa na sheria na Mwalimu alikuwa sawa na usingizi wake, na wote wawili walikuwa wanasoma simu moja.

Nimesahau trei. Kabla anipigie, Mwalimu alikuwa ameambiwa ubandike trei za mayai kwa ukuta zinazuia kelele, akatafuta 40, akabandika ukuta wote wa kitanda na gundi, kazi safi kweli, ya mstari. Trei ni karatasi nyepesi. Inaweza kupunguza mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, ukipiga makofi utaona tofauti, lakini kuzuia sauti ipite kunataka uzito, ukuta ukiongezwa uzito mara mbili unapata kama desibeli 6, na trei zote pamoja ukilinganisha na ukuta wa mawe ni kama kofia juu ya ng'ombe. Na hapa tena ukuta wenyewe ndio ulikuwa unaimba, so alikuwa amevalisha spika nguo. Nilimlazimisha azitoe zote, kwa sababu hiyo ndiyo kitu pekee kwa nyumba yake ingewaka: karatasi kavu, gundi, na soketi mbili katikati, moja imechomeka birika. Aliniita niangalie moto na moto alikuwa ameubandika mwenyewe. Hakupenda kuskia.

Baada ya wiki nilirudi kuchukua salio na spana yangu. Nikapatana na kijana wa nguo kwa ngazi, amebeba suruali za watu. Akaniambia fundi, sasa shosho ananiskia. Kumbe tangu mvumo uishe Mwalimu anaskia cherehani kweli, saa mbili za jioni, tiktiktik kwa dari, zamani haikuwa inamfikia juu kichwa kilikuwa kimejaa kitu kingine. Nikauliza amekugombanisha? Akasema hapana, alinisalimia vizuri, akaniuliza kama miguu ya meza yangu inagusa sakafu moja kwa moja. Ule mpira wa tairi ulibaki? Ulikuwa umebaki, kwa buti. Nikamkatia vipande vinne hapohapo kwa ngazi, nikamwambia asipige misumari.